Kuku wa Mhindi na Mwaka wa Kutangaza

Juzi nilikuwa nimesimama mlangoni pa banda langu kule Kyebando, Kampala, nikiwasimamia vijana wanaopakia kuku waliochoka kutaga. Kreti moja ilikuwa na mlango mbovu. Kuku mmoja akaponyoka, akaanguka chini, na badala ya kukimbia akasimama palepale, mguu mmoja juu, akiutazama udongo kama mtu anayetazama maji asiyoyajua kina chake. Vijana wakacheka. Mimi nikakaa juu ya gunia la pumba, na kwa muda sikusikia walichokuwa wakisema. Wakadhani sukari imenipanda. Haikuwa sukari, rafiki yangu. Ulikuwa ni ua wa bibi yangu, chini ya kilima cha Kibuli, ulionifungukia ghafla na harufu yake ya majivu, tangawizi na manyoya yaliyolowa.

Kwanza ujue anayesema nawe ni nani. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na silii. Nimejenga, nimehiji, nimesomesha watoto wa ndugu zangu mpaka wakavaa majoho. Ukifika Kyebando ukauliza mwenye mabanda ya kuku, hata mtoto anayetambaa atakuonyesha kwa kidole. Harusi za mji huu, wali wao unaujua mkono wangu. Hakuna aliyenishika mkono, nimejishika mwenyewe. Lakini kuku wa kwanza niliowabeba maishani hawakuwa wangu, wala hawakuwa wa bibi yangu, na habari yao ndiyo hii.

Sisi asili yetu ni pwani. Babu wa babu alikuja huku na misafara ya biashara, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Nyumbani tulisema Kiswahili, na katika miaka ile ya serikali ya askari jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Jirani zetu wakisikia mtu anabisha hodi kwa Kiswahili waliacha kutafuna, maana ilikuwa lugha ya wenye bunduki. Kwetu ilikuwa lugha ya kuombea chumvi. Baba alikuwa dereva wa lori, yuko barabarani daima, na mama alikuwa ameachika akaolewa Jinja. Nililelewa na bibi, aliyekuwa akipika mandazi ya kuuza asubuhi, na moshi wa jiko lake ndio uliokuwa saa yangu. Nikiusikia puani nilijua kumekucha.

Kufuga hatukuwahi. Bibi alisema watu wa mjini humnunua kuku, hawaishi naye.

Chini yetu, penye barabara, palikuwa na duka la Mhindi mmoja, na nyuma ya duka banda refu la mabati. Mkewe ndiye aliyefuga mle kuku weupe wa mayai, kila mmoja katika kitundu chake cha waya, na taa ikiwaka usiku kucha ili watage. Sisi watoto tulipita tukisikia sauti zao zikivuma pamoja, kama watu wengi wanaonong'ona sala. Sikuwahi kuwaona. Niliwajua kwa uvumi huo tu, nao uliingia katika ndoto zangu kama mvua ya mbali.

Ndipo ikaja amri kwamba Wahindi waondoke. Waliondoka, rafiki yangu, na masanduku yao mawili mawili, na duka likafungwa kwa kufuli jipya la serikali, likingoja kugawiwa mtu. Hakuna aliyekumbuka banda. Siku ya kwanza uvumi ule uligeuka kelele. Zilizofuata ukapungua. Bibi aliacha kula. Alikaa kwenye kigoda chake, tonge mkononi, sikio limeelekea chini ya mteremko. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiganda aliyetenganishwa nasi na ua wa michongoma tu, akamsihi aache. Alisema mtu aliyekutwa ndani ya mali ya serikali haulizwi mara mbili.

Bibi akamjibu, akimwita bibie kwa Kiganda, "Kilio cha mnyama hakina mkalimani, nnyabo. Anayekisikia ndiye ameambiwa."

Alingoja mvua. Mvua ya Kampala unaijua, hushuka alasiri kwa ghadhabu kama mtu aliyechelewa kazini. Mlinzi wa duka akakimbilia ng'ambo ya barabara kujikinga. Bibi akajitanda buibui, akachukua tenga la mandazi, akanivuta mkono, tukapenya kwenye michongoma. Nilipogeuka nikamwona jirani yuko nyuma yetu, analalamika na anakuja.

Humo ndani sitakusimulia sana. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki, kumi na kitu hivi, walikuwa wamelala juu ya waya, wepesi kama maganda ya ndizi yaliyokauka. Tuliwapakia katika tenga na katika kanga ya jirani. Mmoja nilimweka ndani ya shati langu, na joto lake dogo likanigusa tumboni. Naapa mpaka leo, nikifunga macho, naweza kuligusa mahali pale lilipokuwa.

Tulipowaweka chini uani hawakutembea. Walisimama vile vile, mguu juu, wakiuogopa udongo. Kifuani hawakuwa na manyoya, ngozi ilikuwa nyekundu kama ya mtoto mchanga. Kucha zilikuwa zimekua zikajikunja, na midomo ilikuwa imekatwa ncha. Watu wa mtaani waliochungulia walisema hawa si kuku, Mhindi ameacha mazimwi. Lakini jirani alikuwa amekulia na kuku kwao Masaka, akatufundisha kila kitu. Alizipunguza kucha kwa wembe. Akawazungusha mmoja mmoja kwenye mafiga ya jiko ili wajue kwao ni hapa. Akatwambia pumba ilowekwe kwanza, na mchicha ukatwe mdogo kwa sababu midomo ile haikuweza kurarua. Na mwanamke huyo, uniamini, hakuwa amewahi kuonja kuku wala yai. Mila yao ya zamani ilimkataza mwanamke, naye alikuwa wa zamani. Aliwajua kuku kama mshonaji anavyozijua nguo za harusi zisizo zake.

Siku zile za kwanza ndizo hunirudia mara nyingi, na hunirudia bila mpangilio, kama mambo ya ndotoni. Namkumbuka aliyetangulia kugundua majivu. Alijikwaa kwenye lundo nyuma ya jiko, akakaa, akatikisa ubawa mmoja, kisha mwingine, halafu akajilaza ubavu na kujirushia majivu mpaka akapotea ndani ya wingu la kijivu. Wenzake wakamtazama. Mmoja akafuata. Jua la asubuhi likawa limeingia katika wingu lile, na bibi akaacha mandazi yaungue.

Nakumbuka pia jioni zao. Kuku wote duniani giza likianza hutafuta pa kulala. Wale hawakujua giza ni nini, walikuwa wamezoea taa. Magharibi iliwakuta popote walipo, wakasimama hapo wakingoja mtu awashe. Basi kazi yangu ikawa kuwakusanya. Adhana ikishuka kutoka kilimani, nami nazunguka uani nikiwaokota mmoja mmoja kama nguo zilizokauka, nawaingiza jikoni juu ya magunia. Hawakupigana nami. Waliniegemezea shingo begani. Nimebeba watoto wangu mwenyewe, nimebeba na wajukuu, lakini sijawahi kuaminiwa namna ile.

Halafu zikaja nsenene. Zilianguka asubuhi moja juu ya mtaa mzima, panzi wa kijani wasio na idadi, na watoto wote wakatoka na makopo. Kuku wetu waliwaona wakakimbia kujificha chini ya kigoda. Nilikaa nikawang'olea panzi mabawa, nikawanyooshea kiganjani. Aliyethubutu alimeza, akasimama akiwaza, kisha akanishukia kidole. Tangu siku hiyo wakajua kukimbia.

Yai la kwanza lilitokea ndani ya kapu la nguo chafu. Jeupe, la moto. Nililipeleka mbio kwa bibi nikitegemea kaango, kwa maana sukari ilikuwa imeadimika, sabuni ilikuwa imeadimika, na mafuta ya kula yalipatikana kwa magendo tu. Bibi akaligeuza mkononi, akaniuliza ni la nani.

Nikamwambia la kuku.

"Na kuku wa nani?"

Nikamwonyesha kwa kidole duka lenye kufuli. Akajifunga kanga, akaenda kwa mwalimu wa chuo, mzee aliyetusomesha Kurani, kumwuliza. Mwalimu hakucheka. Alimwambia kwamba kitu kilichookotwa kina mwenyewe hata kama mwenyewe hayupo. Mayai kuleni, alisema, hayo ni malipo ya pumba. Lakini kuku msiwachinje, wala msiwauze. Watangazeni mwaka mzima, sokoni na mlangoni mwa msikiti. Na mkitangaza msitaje kila kitu, maana mwongo atadai. Mwenye mali ataje alama zake mwenyewe.

Hapo ndipo jirani alipoketi chini akashika kichwa. Alimwambia bibi kwamba kila mtu mjini alijua Wahindi wamekwenda wapi, na mali yao inakwenda kwa nani. Kusimama hadharani kumtafuta mwenye mali ya Mhindi ni sawa na kuiuliza serikali. Bibi akasema yeye haulizi serikali, anauliza mwenye kuku.

Basi kila Ijumaa, watu wakitoka kuswali, bibi alisimama chini ya ngazi, mimi pembeni yake, akaita kwa sauti ile ya kuuzia mandazi, "Tumeokota chenye mabawa. Mwenye nacho aje na alama zake." Watu waliinamisha macho wakatafuta viatu vyao haraka. Fikiria mji ulivyokuwa. Mtu aliyelala jana hana baiskeli leo anaamka na duka. Magari yalibadilisha wenyewe, na mashine za kushonea, na vitanda, na picha zilizotundikwa ukutani. Tuliwaita mafuta mingi, hao waliogawiwa. Na katika mji huo mwanamke mmoja anasimama juani kusema nina kitu kisicho changu. Wavulana wenzangu walinidhihaki. Walinifuata nyuma wakipiga viwiko kama mabawa, wakiuliza kama mwenyewe amekwisha kuruka. Niliwapiga wawili. Wa tatu alinipiga mimi.

Ijumaa moja katika wale waliotafuta viatu alikuwapo afande aliyegawiwa duka lile. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake gari likasimama mbele ya nyumba yetu.

Jirani aliliona kwanza. Kabla mlango wa gari haujafungwa alikuwa ameshapita kwenye michongoma, na kwa pamoja tukawasukuma kuku jikoni, tukawafunika kwa matenga. Afande akaingia uani peke yake. Mtu mrefu, sare imenyooshwa, miwani ya jua. Bibi hakusimama. Alikuwa anakanda unga.

"Mama, mimi nasikia wewe iko na kuku yangu."

"Karibu, mwanangu. Keti kwanza."

"Mimi hapana keti. Leta kuku."

"Nitawaleta," bibi akasema. "Jana ulikuwapo, umesikia. Nipe alama zao."

"Alama gani? Kuku ni kuku. Iko na mabawa, iko na miguu mbili."

"Hata wa jirani wako hivyo."

Nilikuwa mlangoni mwa jiko. Nilimwona jirani anayafumba macho. Afande akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza kwamba duka lilikuwa la Mhindi, serikali imempa yeye, na kila kilichokuwa ndani ni chake. Bibi akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa bei ya nazi. Akafuta unga mikononi, akaniita nilete msahafu. Niliuleta kwa mikono miwili. Akaniambia niushike hapo mbele ya afande.

"Wewe ni Mwislamu, nimekuona ukiswali. Weka mkono hapa, useme kuku hawa unawajua na ni wako. Ukisema, mjukuu wangu atawabeba mpaka garini, na mimi nitakuombea heri."

Afande aliunyanyua mkono. Nakwambia niliziona pingili za vidole vyake karibu na uso wangu, na pete ya fedha. Na hapo hapo, ndani ya jiko, kuku mmoja akataga, na kama walivyo kuku wote akaitangazia dunia. Kelele ile haikuisha. Jirani alikaribia kulikalia tenga.

Mkono wa afande ukabaki hewani.

"Mama," akasema, "wewe napenda kufa?"

"Kufa nitakufa, mwanangu, na wewe pia. Nataka tu nisife na kuku wa mtu."

Sijui ni nini kilichopita kichwani mwake. Mtu yule mtaa mzima ulimkimbia, na mwenyewe alizoea. Aliurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali ingawa haukuwa na kitu. Kisha akaketi, kwenye gogo letu la kupasulia kuni. Bibi akampa chai ya tangawizi bila sukari, akainywa yote. Aliuliza mwaka ukiisha itakuwaje. Bibi akamwambia ukiisha na mwenyewe hajatokea watakuwa wetu, ila akija hata baada ya miaka ishirini tutamrudishia thamani yao. Afande akatikisa kichwa polepole. Akasema mama yake, kwao kaskazini, alikuwa na kuku wanaolala juu ya mti, na mtoto akitaka yai hupanda. Akatabasamu peke yake. Alipoondoka alituachia vumbi la gari, na mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa kuushika msahafu.

Kwa wiki nyingi tulilala tukingoja arudi. Hakurudi. Baadaye duka likapewa mwingine, na yule wa kwanza hakuonekana tena mjini. Miaka ile mtu asipoonekana huulizi.

Mwaka ukatimia. Mwalimu mwenyewe alipanda kwetu kusema sasa ni halali. Mimi nilishanoa kisu kwenye jiwe, kwa maana njaa ilikuwa njaa. Bibi akawatazama kuku wakijiviringisha katika majivu, akasema bado yuko katika kutangaza, labda Ijumaa mbili tatu hivi zilimpotea kwa mvua. Hakuwachinja. Walizeeka, wakafa mmoja mmoja kwa uzee, jambo ambalo kuku wachache hulipata. Lakini jogoo wa jirani alizoea kupenya michongoma, na mayai yao yaliyoatamiwa na matetea wa jirani huyo yalitoa vifaranga chotara, miguu mirefu, wakali, na kutoka hao bibi alinigawia tetea mmoja. Kutoka kwa tetea huyo, rafiki yangu, ndiyo Kyebando yote unayoiona.

Bibi alifariki kabla askari hawajatolewa. Katika maneno yake ya mwisho mwisho, kati ya habari za sanda na za baba yangu, alinikumbusha kuku, kwamba mwenyewe akitokea nimlipe.

Miaka ikapita mingi. Ikaja serikali nyingine, Wahindi wakaruhusiwa kurudi kudai majengo yao. Mimi nilikuwa tayari mfanyabiashara, kijana mwenye gari lake. Siku moja kule chini ya Kibuli nikamkuta kijana wa Kihindi na karatasi za kiwanja, amesimama penye banda la zamani. Nikamwambia tuna mali yenu. Akarudi nyuma hatua moja. Nikamwambia kuku. Alicheka, akasema hajui kuku wowote, yeye kazaliwa Ulaya, labda bibi yake. Akampigia simu, akanipa.

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini Kiswahili cha dukani kilikuwa bado kipo chote.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia mjukuu wa mama wa mandazi. Kisha nikamwomba alama, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa.

"Midomo yote nakata mimi mwenyewe, na kisu ya moto," akasema. "Nilifikiri wote wamekufa. Siku ile kwa ndege nililia kuku kuliko nyumba. Mlikula?"

"Hatukuwala, mama."

"Kwa nini? Ile ilikuwa njaa sana. Mngekula, bwana. Watoto walikuwa na njaa."

Nikamweleza mwaka wa kutangaza. Nikamwambia niko tayari kulipa kuku, mayai na vifaranga, na kwamba mali ninayo, asione haya. Alinisikiliza. Kisha akasema, kama anayenifungia kitu kwenye gazeti juu ya kaunta, "Halali yenu. Yote. Mwambie bibi."

Nikairudisha simu. Nilisimama kando ya barabara, mtu mwenye mali yake na jina lake, nimebeba habari njema isiyo na wa kumpelekea. Jirani alikuwa amerudi Masaka, akazikwa huko. Mwalimu alikuwa ametangulia. Penye michongoma sasa pana ukuta wenye vipande vya chupa juu, na anayeokota kitu siku hizi hutazama kushoto na kulia kabla ya kuinama. Nikasema kwa sauti, katikati ya pikipiki na vumbi, "Bibi, mwenyewe amepatikana." Bodaboda mmoja akasimama akidhani nimemwita, akaniuliza nakwenda wapi. Sikuwa na pa kumtajia.